Maua Mawili ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Novemba

Mvua ya kwanza ilinyesha jana alasiri. Ikapiga bati la nyumba ya mimea, ninamohifadhi mimea mikavu ya kituo, kwa robo saa, kisha ikaenda zake kama mgeni aliyekosea mlango. Mchwa wamelila daftari langu la mwaka jana kuanzia Aprili hadi Septemba, kwa hiyo naanza jipya. Msimu huu nina mambo mawili ya kumaliza, nami najijua: nisipoandika, nitajidanganya.

La kwanza ni lile rando la porini linalotambaa bondeni kuelekea mto Chambeshi, ndugu wa kiazi kitamu, lenye ua la zambarau la umbo la tarumbeta. Profesa anayekusanya kitabu kikubwa cha mimea ya kanda yetu amenipa sura ya jamii hiyo niiandike mimi, Sampa, mtunza mimea mikavu wa kituo ambacho hata ramani imekisahau. Anataka karatasi zote mwisho wa Aprili. Nimekwisha kumwandikia kwamba rando hilo ni spishi moja.

La pili ni mama mkwe. Mke wangu Nkandu ana mimba ya miezi minne. Mbili zilizotangulia ziliharibika. Safari hii anataka mama yake awe ndani ya nyumba siku ikifika, na mimi ndicho ninachokitaka kuliko kitabu chochote. Lakini mama mkwe hawezi kukanyaga kwangu, wala mimi siwezi kumtazama usoni, mpaka anipikie chakula cha kuniingiza ukweni. Mwaka wa saba huu hajapika. Anaishi hatua mia mbili kutoka mlangoni kwangu, na uso wake siujui.

"Si umwombe tu?" nilimwambia Nkandu leo.

"Hicho chakula hakiombwi, Sampa. Ukikiomba kinageuka njaa."

Jumatano, 5 Novemba

Joto. Hakuna mvua. Nimebandika mimea mikavu kwenye karatasi kumi na nne.

Jumapili, 16 Novemba

Nimekutana na mama mkwe njiani, nusura uso kwa uso. Njia ya bondeni ni yake tangu alfajiri hadi saa nne, anapokwenda shamba la ulezi na kisimani. Baada ya hapo ni yangu. Hakuna aliyeitangaza sheria hii, ila mimi naishika kuliko zile za serikali. Leo kumbe alichelewa kwa sababu ya kanisa. Niliona kitenge cha kijani kinatokeza kwenye kona, nikajitupa kichakani bila kuchagua kichaka.

Kilikuwa cha upupu. Nimejikuna hadi jioni. Nkandu ananipaka majivu huku anacheka mpaka anashika tumbo, nami nimemkataza kucheka, nikakumbuka kwamba kucheka hakujawahi kuharibu mimba, nikamruhusu.

"Mama amesema alisikia nguruwe pori," akaniambia.

Ijumaa, 28 Novemba

Mvua siku ya nne mfululizo. Marando yamechipua bondeni. Mimba salama.

Jumanne, 9 Desemba

Ua la kwanza. Nililichuma saa nne na nusu nikalikimbiza nyumbani ndani ya kopo lenye maji, maana maua haya hayana subira. Ukimsalimia mtu njiani yamekwisha kujikunja.

Nimeandika hivi: mmea unaodumu miaka mingi, shina hujisokota kwenye chochote kilichosimama, jani umbo la moyo, urefu wa sentimita sita hadi tisa, nywele laini upande wa chini, ua umbo la tarumbeta, zambarau, vijani vitano vinavyolishika ua kwa chini, tunavyoviita sepali, viwili vya nje vifupi kuliko vya ndani, ncha ya kike ina vidonge viwili vidogo kama vichwa vya pini, chembe za chavua zina miiba midogo ukizitazama kwa darubini. Hiyo miiba ndiyo inayotuambia ukoo. Ukiona chavua ya kipara, uko kwenye boma la jirani.

Nkandu alichungulia darubini, akasema chavua inafanana na mama yake akiwa amekasirika. Mimi siwezi kuthibitisha. Ninayemjua ni kitenge.

Jumapili, 14 Desemba

Leo nimetukanwa na kinu.

Nilikuwa nimekaa upande wangu wa ua wa matete, nyumbani kwa wakwe, nikimsubiri Nkandu. Mkononi nilikuwa na tawi la rando. Upande wa pili mama mkwe anatwanga ulezi. Kwa kuwa hawezi kusema nami, husema na kinu, na mimi nikijibu hukijibu kinu hichohicho.

"Kinu," akasema, "muulize huyo mtu wa samaki, hayo majani anayoyakausha miaka yote, anayala lini?"

Mimi ni mzaliwa wa kandokando ya ziwa Bangweulu. Hapa hawajanisamehe.

"Kinu, mwambie mama siyali, nayasoma."

"Na yamemwambia nini?"

"Yameniambia kwamba ni rando moja tu, toka huku bondeni hadi mtoni."

Mchi ukanyamaza. Nilidhani amekwenda zake.

"Kinu, mwambie ni mawili. Moja linaitwa Usiningoje, jingine linaitwa Nangoja. Usiningoje tunapika majani yake kwa karanga. Nangoja ukilipika utashinda kichakani kuliko siku ile ya upupu."

Basi alijua kwamba sikuwa nguruwe. Masikio yalinichoma.

"Kinu, mwambie mama nimeyatazama marando hayo miaka saba."

"Kinu, mwambie hata mbuzi wangu anayatazama."

Wanawake wawili waliokuwa wakipepeta wakaangua kicheko. Nilimchukua Nkandu nikaondoka. Njiani nilimwambia mama yake ni mkaidi, hajui kusoma, na amenichukia bure. Nkandu alinijibu tulipofika mlangoni.

"Hajakuchukia. Mtu asiyekupenda haachi kutwanga ulezi ili akueleze jambo." Kisha akaingia kulala bila kula.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Mama mkwe ametuma kuku kupitia kwa Nkandu. Kuku wa kutumwa hahesabiki. Cha kuingizwa ukweni lazima mtu apewe kwa mkono wa mama mkwe mwenyewe. Mtamu sana lakini.

Jumamosi, 3 Januari

Mvua. Nimekasirika tangu tarehe kumi na nne na hasira haijaisha, kwa hiyo nimezitoa kabatini karatasi zote arobaini na moja za rando hilo, nimwonyeshe mama mkwe, au walau nikionyeshe kinu chake, kwamba mimi si mbuzi.

Zikitandazwa sakafuni zinafanana zote. Ua likikauka zambarau hugeuka rangi ya chai, na jani la moyo ni jani la moyo. Nilikuwa karibu kuzirudisha kwa ushindi, nikaanza kusoma vibandiko. Kila karatasi ina kibandiko kwa mwandiko wangu: mahali, tarehe, saa. Saa nne na nusu. Saa tano. Saa tano kasorobo. Saa sita. Saa nne na dakika kumi. Arobaini na moja, miaka saba, na hakuna hata moja niliyoichuma kabla ya saa nne.

Nilikaa chini kati ya karatasi zile. Nimelichuma ua linalofunguka alfajiri miaka saba bila kuwahi kuliona alfajiri. Kabla ya saa nne njia ni ya mama mkwe. Yale maua yaliyokunjamana niliyokuwa nikiyakuta kando ya mazima niliyaandika "maua ya jana". Na kama hayakuwa ya jana?

Nkandu aliniletea uji nikiwa bado sakafuni. Nilipomweleza alinitazama kwa huruma, huruma ambayo mwanamume hapendi kutazamwa nayo.

"Kwa hiyo kitabu cha Profesa kimeharibika kwa ajili ya adabu," akasema.

Jumatatu, 12 Januari

Nkandu amepeleka ombi langu. Jibu limerudi siku hiyohiyo: "Aje kesho kutwa alfajiri. Atembee nyuma yangu hatua ishirini. Macho kwenye visigino vyangu. Na afunge mdomo."

Jumatano, 14 Januari

Nimerudi. Nguo zimelowa hadi mapajani, nitaandika hivyohivyo.

Tuliondoka kukiwa na ukungu. Mbele mama mkwe na jembe begani, nyuma mimi na kopo, mkasi wa kuchumia na saa yangu ya mkononi. Sikuona kitu ila visigino. Sasa naweza kuvieleza kama ninavyoeleza mmea wowote: vipana, vimepasuka kwa nyufa tatu kubwa, cha kushoto kina kovu la zamani lenye umbo la mwezi mchanga. Anatembea upesi kuliko mimi. Ana miaka sitini na kitu na hakuteleza hata mara moja. Mimi niliteleza mara nne, na kila nilipoteleza visigino vilisimama vikanisubiri, bila kugeuka.

Saa kumi na mbili na robo visigino vikasimama kwa mara ya mwisho. Jembe likanyooka kulia.

Nikainua macho, upande wa kulia tu. Bonde zima lilikuwa limefunguka maua ya zambarau. Mimi nimeishi hapa miaka saba na nilikuwa sijui kwamba bonde hili lina rangi hiyo. Nilipiga magoti matopeni, nikafungua daftari.

Kwa saa hiyo, kabla jua halijatoka kwenye miti, hata mbuzi angeona. Ua moja lina koo jeupe na harufu kidogo, kama ya unga mbichi. Jingine koo lake ni jeusi kama bilinganya na halina harufu. Nikakata vikonyo. La koo jeupe lilitoa maji matupu. La koo jeusi lilitoa utomvu mweupe kama maziwa. Nikafukua mizizi: ule wa kwanza mwembamba na mgumu, ule wa pili umevimba kama kibuyu. Niliandika kila kitu, nikasahau kwamba nimekatazwa kusema, nikawa naviambia vidole vyangu kwa sauti kama mwendawazimu.

Saa mbili unusu maua yenye koo jeupe yakaanza kujikunja. Saa tatu yalikuwa yamekwisha, yamekunjamana, yale "maua ya jana" yangu. Hilo ndilo Usiningoje. Yale mengine yalibaki yametoa macho, yananitazama.

Muda wote huo mama mkwe alikuwa akilima hatua kumi mbele, amenipa mgongo. Kisha akaliambia jembe:

"Jembe, muulize huyu mtu. Miaka saba, mbona hakuja saa hii?"

Sikuwa na jibu jingine ila lile la kweli. "Jembe, mwambie mama: njia ni yake."

Akaacha kulima. Nilidhani nimekosea. Baadaye nikaona mabega yanatikisika, nikaogopa kwamba analia, kumbe anacheka. Alicheka kimyakimya mpaka akaegemea mpini. Aliposhika pumzi akasema, na safari hii hakulitaja jembe, alisema na hewa tu: "Mtu mzima anakosea kitabu kizima kwa kunipisha mimi."

Kisha akaendelea kulima, nami nikaendelea kuandika.

Alhamisi, 15 Januari

Nimemwandikia Profesa. Nimeandika barua mara tano. Ya mwisho inasema: nilikosea, ni spishi mbili, nilikuwa nachelewa kufika. Sababu ya kuchelewa sikuiandika.

Jumanne, 27 Januari

Asubuhi sita mfululizo bondeni na mama mkwe. Jana alikiambia kisiki kwamba mtu wa samaki ameanza kutembea kama mtu wa nchi kavu.

Jumatano, 11 Februari

Jibu la Profesa. Ni mpole, na upole wake unauma. Anasema rangi ya koo hupotea ua likikauka, saa ya kujikunja haibandikwi kwenye karatasi, utomvu hauonekani kwenye mmea mkavu, na mzizi wakusanyaji wengi huuacha ardhini. Mtu atakayefungua kabati miaka hamsini ijayo atazitofautishaje? Anataka mbegu zilizokomaa za kila moja, kutoka kwenye marando yaleyale niliyoyaeleza maua yake, kabla ya mwisho wa Aprili. La sivyo atachapa spishi moja.

Ana haki. Mimi ningemwambia mtu hivyohivyo.

Ijumaa, 20 Februari

Mvua tangu Jumapili, haina hata aibu ya kupumzika. Vitumba vya mbegu vinaoza vikiwa bado kijani. Vinavyonusurika hupasuka siku ya jua la kwanza na kumwaga mbegu majini kabla sijafika. Kati ya marando ishirini niliyoyatia alama, kumi na mawili yameshapotea. Nkandu miguu imevimba. Nimemfokea leo kwa sababu ya wino uliomwagika, na wino niliumwaga mimi.

Jumatatu, 23 Februari

Nimeenda bondeni nikiwa sina matumaini, nikakuta vitumba vimevaa nguo.

Kila kitumba kilichobaki, kwenye marando yangu yote manane, kimefungwa kifuko cha kitambaa kilichoshonwa kwa mkono, chenye tundu ndogo chini la kutoa maji. Kitumba kikipasuka, mbegu zinabaki mfukoni. Ni jambo ambalo mimi, niliyesomea, nilipaswa kulifanya mwezi mzima uliopita. Kitambaa ni kitenge cha kijani. Nakijua kitenge hicho kuliko ninavyoijua sahani yangu. Amekikata chake cha kanisani.

Nilimuuliza Nkandu kwa nini mtu awe hivi: akushonee vifuko hamsini kwa nguo yake nzuri na asikupikie sahani moja.

Alikaa kitandani akanieleza jambo ambalo katika miaka saba hajawahi kulieleza. Dada yake mkubwa aliolewa na mtu wa migodini, mcheshi, mwenye viatu vya kung'aa. Mama alimpenda, akampikia kabla hata mwaka haujaisha: kuku, viwavi wa kukaanga, uyoga, ugali wa ulezi, kila kitu. Yule mtu alikula, akafuta mdomo, akarudi migodini, asionekane tena. Dada alikufa miaka miwili baadaye. Watu wanasema ni malaria. Mama anasema ni chakula chake.

"Mimba zangu mbili zilipoharibika," Nkandu akasema, "aliapa hatampikia mkwe tena mpaka aone mimba inafika mwisho. Hakuogopi wewe. Anajiogopa yeye, mkono wake."

Nimesoma tena niliyoyaandika Desemba. Nilitaka kuuchana ule ukurasa. Nimeuacha unikere, nastahili.

Jumapili, 8 Machi

Mbegu.

Nimefungua vifuko mbele ya Nkandu, mezani, juu ya karatasi nyeupe. Usiningoje: mbegu nyeusi, kipara, zinang'aa kama zimepakwa mafuta. Nangoja: mbegu za kahawia, zimevaa manyoya marefu kama panya wachanga. Hata zikikaa kabatini miaka mia hazitabadilika, na mtu kipofu atazitofautisha kwa kidole. Vifuko vya marando manne ya kila moja, hakuna hata mbegu moja iliyochanganyika.

Nilimbusu Nkandu, nikabusu meza. Zitaondoka kesho na gari la mahindi linalokwenda mjini Kasama.

Jumatatu, 9 Machi

Zimeondoka. Nimepita nje ya ua wa matete nikakiambia kinu: "Mwambie mama ni mawili." Kinu kikajibu: "Anajua."

Jumatatu, 16 Machi

Nkandu amerudi kutoka kwa mama yake akiwa amefunga mdomo kwa mkono ili siri isitoke, kisha akaitoa. Mama ameloweka ulezi wa pombe. Amewatenga kuku watatu. Amemwagiza mtu viwavi waliokaushwa. Karamu ya kuniingiza ukweni ni Jumamosi, tarehe ishirini na nane.

Mtoto, kwa hesabu ya muuguzi, ni mwezi wa nne, tarehe za mwanzo. Kwa hiyo mama mkwe atakuwa ameshaingia nyumbani kabla. Nimeitandaza suruali yangu nzuri chini ya kibanio cha kukandamizia mimea, pamoja na magazeti, ipate pasi.

Jumamosi, 21 Machi

Mvua. Mto umepanda. Daraja la kwenda zahanati liko chini ya maji.

Jumatano, 25 Machi

Naandika mambo ya jana. Yote, nikiweza.

Jumanne asubuhi kijiji kilikuwa kitupu. Tangu Jumatatu karibu wanawake wote walikuwa wamekwenda mazikoni kijiji cha juu, na mvua ikawazuia hukohuko. Mama mkwe alibaki kwa ajili ya pombe, maana pombe ya ulezi haiachwi peke yake siku ya tatu. Saa nne Nkandu alisimama kutoka kwenye kiti, maji yakamwagika sakafuni, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Sampa, kamwite mama."

Nilikimbia. Nilisimama nje ya ua wa matete nikaita bila kupitia kwa kinu wala kisiki. Nikampa mgongo, naye akatoka. Nilisikia visigino vinanipita kwenye matope, nami nikavifuata.

Kwenye mlango wangu akasimama. Mimi nikarudi nyuma, nikatoka nje ya paa, nikampa nafasi, nikageukia mgomba. Ndivyo inavyotakiwa: mwenye nyumba akiwa nje, labda anaweza kuingia. Hakuingia. Mvua ilikuwa inampiga. Nilisikia Nkandu anamwita kutoka ndani, mara moja, mara mbili. Mara ya tatu haikuwa jina tena.

Akaingia.

Nilikaa na mgomba. Sijui ni muda gani. Kisha nikasikia kitu nilichokuwa nikikiogopa msimu wote, paa langu la nyasi. Nyasi za upande wa kitandani zilikuwa zimekunywa maji wiki nzima, na boriti ikaanza kulia. Matope ya ukuta yakaporomoka kama uji. Nikapiga kelele watoke, wahamie nyumba ya mimea, kule kwenye bati na sakafu kavu.

"Hawezi kutembea," mama mkwe akasema kutoka ndani. "Na mimi peke yangu siwezi kumbeba."

Basi tukawa pale, watu wawili tunaompenda mtu mmoja, kila mmoja upande wake wa ukuta unaoanguka, tumezuiwa na sahani ambayo haijapikwa. Sikucheka. Ningeweza kuingia tu, na Mungu angenisamehe. Lakini nilijua kwamba nikimvunjia mwiko wake, kisha mtoto asipolia, atabeba jambo hilo mpaka kaburini, kama alivyobeba lile la kwanza. Ilikuwa lazima afungue yeye.

Nikasema, "Mama, nangoja." Sikuwa na maana ya ua wala ya kitu kingine, ndilo neno lililokuja.

Nilisikia sufuria inafunuliwa. Sufuria yangu, ugali wangu wa jana, wa baridi. Mlango ukafunguka kiasi cha mkono. Mkono ukatoka, umeshika tonge.

"Kula," akasema.

Nilikula nikiwa nimesimama kwenye mvua, kwa mdomo, moja kwa moja kutoka mkononi mwake, kama mtoto. Hapakuwa na kuku wala viwavi. Hapakuwa na ngoma. Nilimeza.

"Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Haya. Ingia unishikie mtoto wangu."

Nikaingia, nikamtazama. Ana uso wa Nkandu, basi. Uso uleule ninaoamka nao kila siku, uliotembea njia ndefu zaidi. Sikupata muda wa kuutazama kwa sababu alikuwa amekwisha kushika mabega ya Nkandu, akaniambia nishike magoti, nisiteleze kama kawaida yangu. Tukambeba mikono kwa mikono, hatua sitini, hadi nyumba ya mimea. Nyuma yetu nusu ya paa ilikaa chini taratibu, kama mzee anayetafuta kiti.

Alinifukuza mara tu Nkandu alipolala juu ya mablanketi, kati ya kabati la nyasi na kabati la mikunde. Nilikaa barazani nikihesabu bati. Saa tisa kasoro dakika kumi mtoto akalia. Saa hiyo nimeiandika kwenye kibandiko kimoja, kwa wino, kama inavyotakiwa.

Msichana. Kilo sijui, mizani yangu ni ya mbegu. Nkandu mzima, amechoka, anaomba chai.

Alhamisi, 26 Machi

Jua. Watu wamerudi kutoka mazikoni na nyumba yangu imejaa mafundi wa nyasi wanaonicheka.

Mama mkwe amekaa barazani na mtoto mapajani tangu asubuhi, na tangu asubuhi hajanyamaza. Ameniambia kuni zangu ni mbichi. Ameniambia kabati la mikunde lina mende. Aliniuliza yale maua nimeyaandikaje, nikamsomea maelezo yote mawili kwa lugha yetu, sepali na mbegu na kila kitu. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema nimesahau kuandika kwamba majani ya Usiningoje huchumwa kabla ya ua kufunguka, baadaye yanakuwa machungu. Nimeandika.

Nikamwambia asihangaike tena na ile karamu ya Jumamosi, kwani nimeshaingia.

"Karamu iko palepale," akasema. "Lile tonge lilikuwa la haraka. Hata chumvi halikuwa nayo."

"Lilikuwa na chumvi, mama. Niliionja."

Alinitazama usoni, mara ya kwanza bila haraka.

"Ile ilikuwa yako mwenyewe, mwanangu," akasema. "Ulikuwa unalia."